Chui mmoja kwenye bodi: ninavyopata picha tulivu inayogusa

Edward Saidi Tingatinga, mchoraji aliyeanzisha mtindo unaoitwa kwa jina lake, alianza kuchora akiwa Dar es Salaam mwaka 1968 na akafariki 1972. Picha zake nyingi zina mnyama mmoja tu juu ya usuli mtupu. Siku hizi kwenye picha za mtindo huo tunaona Kilimanjaro, mbuyu na twiga kumi kwenye bodi moja. Zinauzika, sikatai, lakini zile za zamani ndizo zinazonishika, na ndizo ninazofuata.

Nakata hadibodi, ubao mwembamba wa kiwandani, sentimita 60 kwa 60. Upande laini naupiga msasa namba 180 mpaka mng'ao wa kiwandani utoke, la sivyo rangi itabanduka. Usuli ni rangi ya mafuta ya aina moja, labda njano iliyofifishwa kwa nyeupe, mikono miwili, yaani naipaka mara mbili. Kati ya mkono na mkono napisha siku nzima. Ukiharakisha, tapentaini ya mkono wa pili inalainisha wa kwanza, na rangi inajikunja kama utando wa maziwa.

Chui namchora kwa chaki, na awe mkubwa: mkia ukaribie ukingo bila kuugusa. Akiwa mdogo pale katikati, nafasi inayobaki huonekana imesahauliwa tu, na mkono utakuwasha uongeze kitu. Namjaza rangi moja, akauke, ndipo madoa yaanze. Rangi ya madoa usiizimue hata kidogo, itasambaa. Yawe makubwa mgongoni, yapungue kuelekea miguuni na usoni. Yakilingana yote, mwili unakuwa bapa.

Jicho huja mwisho, na hapo sina haraka. Naweka duara jeupe la kama sentimita 2, likishakauka ndipo mboni nyeusi. Mboni ikizungukwa na weupe pande zote, mnyama ameshtuka. Ikigusa ukope wa juu, ametulia. Ukiisogeza kwenye kona, anatazama kitu kilicho nje ya bodi, na anayeiangalia picha anaanza kujiuliza kuna nini huko. Usuli mtupu unafanya kazi yake hapo hapo, kwa sababu hauna jibu. Weka mti au nyasi upande ule anaoutazama chui, swali limekufa na picha imebaki pambo.

Mteja aking'ang'ania mti, namchorea kwenye bodi nyingine.