Nilivyopata trekta dogo la mtumba la kukata majani na kuvuta kuni, huku Ohio

Ukinunua nyumba ya kijijini huku Ohio yenye ekari tatu ujue na majani umeyanunua, kuanzia mwezi wa 4 mpaka wa 10 ni kazi ya kila wiki. Na mie juu ya majani nilikuwa na miti ya ash imekaukia palepale imesimama, kuna mdudu wa kijani anayeua hiyo miti (emerald ash borer), aliingia Ohio 2003, kwetu kaimaliza karibu yote, kwahiyo kuni za bure zipo ila ziko kule chini bondeni na banda liko juu. Hapo ndo hesabu inabadilika maana mashine za kukalia juu za kukatia majani tu zimejaa kila kona, ya kuvuta tela la magogo kupandisha mlima hiyo ni habari nyingine kabisa.

Matangazo yote yanapiga kelele za hozipawa na upana wa kukata, inchi 42, inchi 54, sijui injini ya hozipawa 20, hayo nikayaweka pembeni nikawa naenda moja kwa moja nyuma nachungulia tairi. Tairi la nyuma likiwa limefungwa na bolti tano kwenye habu kama gari, aghalabu hilo ni trekta la kazi, ila likiwa limechomekwa tu kwenye ekseli na kuzuiwa na klipu chini ya kikofia cha plastiki, hilo ni la majani na kitela cha mbolea basi. Rimu nayo inasema, ya kazi mara nyingi ni inchi 12, nyepesi inchi 8. Hata kwenye picha unaviona hivi, nilikuwa nachuja nusu ya matangazo nikiwa kwenye kochi bila kuchoma mafuta.

Nang'ang'ania nyuma kwasababu ugonjwa wa haya mashine uko hapo. Mengi mepesi yanatumia giaboksi ya haidrostatiki, yaani inayosukuma matairi kwa presha ya oili badala ya gia za kubadilisha kwa mkono, kama ile Tuff Torq K46, haina hata nati ya kumwagia oili, imetengenezwa kwa kazi nyepesi. Ukiifungia mzigo kwenye mlima oili inachemka inakuwa nyepesi, presha inashuka, trekta linalia tu haliendi. Sasa ujanja ni kwamba ikiwa baridi inapanda vizuri kabisa, kwahiyo muuzaji akikuzungusha dakika mbili hujaona kitu. Mie nilikuwa naomba nikate majani yake nusu saa afu ndo nipandishe mlima. Wengine wanakunja sura, hao niliwaaga kwa heshima. Kuna moja nililipenda kwa macho, rangi inang'aa, kiti kipya, baada ya nusu saa likagoma kwenye kimwinuko cha gereji ya mwenyewe tukabaki tunaangaliana.

Injini nilikuwa nawaambia kwenye simu msiiwashe mpaka nifike, nikifika cha kwanza naweka mkono juu yake, ikiwa ya moto kuna kitu kinafichwa, labda inawaka kwa shida ikiwa baridi. Ikiwaka naangalia moshi wa bluu, maana ukitoka ujue injini inachoma oili. Visu unazima kwanza, unachomoa waya wa plagi, afu unatikisa kila kimoja juu chini, kikicheza beringi imekwisha, na chuma cha juu ya visu unakigonga kwa bisibisi kwa chini, kutu ikikubali kutoboka achana nacho.

Nilisubiri mwezi wa 10 mwishoni watu wakiwa hawataki tena kuyaona majani, bei zinashuka zenyewe. Nikapata trekta la Wheel Horse la miaka ya 80 kwa mzee mmoja anayehamia apatimenti, injini ya Kohler silinda moja, gia za mkono, sita mbele mbili rivasi, hakuna haidrostatiki. Kampuni ya Toro waliinunua Wheel Horse 1986 na spea bado zinapatikana. Oili ya giaboksi ilikuwa imegeuka nyeupe, maji huingia pale kwenye raba ya mkono wa gia likikaa nje, gia zenyewe zilikuwa zinaingia safi kwahiyo nikaitumia hiyo hiyo kuvutana bei, dola 1,100 ikawa 850. Nyumbani nikamwaga, nikasafisha, nikaweka oili namba 90 na raba mpya.

Kuvuta nako kuna adabu yake. Mzigo pamoja na tela usizidi uzito wa trekta na wewe uliyekaa juu, sio kwasababu halivuti, linavuta, ila mteremkoni tela ndo litakuendesha wewe. Ukishuka weka gia ndogo kabisa na klachi usiiguse. Kwenye matairi ya nyuma nimefunga vyuma vya uzito, bila hivyo yalikuwa yanateleza tu kwenye majani yenye umande. Baridi ikija naweka minyororo, na jirani ana beleshi la mbele la kusukuma theluji linaloingia kwenye fremu ile ile, anataka dola 200, mie nimefika 120, bado tunavutana.