Kitanzi kilichovaa khanga

Jumapili usiku, Njombe. Ukungu umeshuka mpaka kwenye bati na jiko la mkaa nimelisogeza karibu na miguu. Mapajani nina kipande cha skafu, urefu wake kiganja kimoja. Kiganja kimoja kwa wiki tatu!

Nafuma tangu darasa la tano. Masweta ya shule, mizura, soksi za vichanga, hivyo vyote nafuma huku naangalia taarifa ya habari. Kwa hiyo nilipoona video ya dada mmoja anafuma kwa mtindo uitwao brioshi, nikasema moyoni hiki ni kitu cha jioni moja. Kitambaa kimenona kama godoro, mistari imesimama, mbele na nyuma hujui kipi ni kipi. Jina lake ni lile lile la mkate wa Kifaransa wa mayai na siagi, na ukikibonyeza kinarudi juu taratibu kama mkate kweli. Wajerumani wao wanaiita patenti, jina la kiofisi kabisa.

Ukielezwa, ni rahisi. Kitanzi hiki unakifuma, kinachofuata unakihamisha tu sindano bila kukifuma, halafu unakitupia uzi juu, kama mtu anavyojitupia khanga begani. Mstari wa pili, yule aliyevaa khanga unamfuma pamoja na khanga yake, na jirani yake naye anavikwa. Ndiyo kusema kila mstari unafuma nusu tu ya vitanzi. Ukihesabu mistari 10 kwa macho, mikono imeshafuma mistari 20. Na uzi unaliwa! Bonge lililonitosha mzura mzima hapa halijafika mbali.

Nilianza na vitanzi 50, kama skafu zangu zote. Kumbe brioshi hutanuka kwa upana. Kikatoka kitu cha kutandika mezani. Nikafumua, nikaanza na 31. Sindano nazo nikashusha, kutoka namba 5 hadi 4, maana kwa zile kubwa kitambaa kililegea kama chandarua.

Halafu ikaja Jumanne. Umeme ukakatika, na katika kupapasa simu kitanzi kimoja kikachomoka. Kwenye ufumaji wa kawaida hiyo si habari: unachukua kulabu ya kroshia, unakipandisha ngazi kwa ngazi, umemaliza. Hapa kila ngazi ina nyuzi mbili, moja ni kitanzi na nyingine ni khanga yake, na zikishaachana zinafanana kama mapacha. Nikamulika tochi. Nikavuta huu, jirani akajikunja. Nikavuta ule, pakatokea tundu la kupita kidole. Zile video zote nilizoangalia, hakuna aliyeangusha kitanzi hata kimoja. Watu wanatuonyesha mikono yao siku ikiwa imekaa vizuri.

Nikampelekea mama mkubwa, ndiye aliyenifundisha kushika sindano. Alikisogeza machoni, akakigeuza, akatazama upande wa pili, ambao bila shaka ulikuwa ule ule.

"Mwanangu, hii umeifuma kwa mikono au kwa hasira?"

"Kwa mikono, mama."

Akakaa kimya kidogo. "Mimi hii siijui. Fumua."

Sikumbuki kama nimewahi kumsikia akisema hajui kitu cha uzi. Nilifumua yote, kwa sababu kurudi nyuma mistari miwili mitatu tu sikuweza. Sikujua pa kusimama.

Sasa nina mkongojo. Kila baada ya mistari minane napitisha uzi mwembamba mweupe wa cherehani ndani ya vitanzi vyote, nauacha humo. Nikikosea, nafumua hadi kwenye uzi mweupe na vitanzi vinakuwa vimekaa vinanisubiri. Mimi niliyekuwa nikiwacheka wanafunzi wangu kwa kuweka alama kila mahali!

Jioni hii mama mkubwa amekuja na sindano zake za alumini, zile zilizopinda. Akaketi. "Nianzishie vitanzi 12, nione." Nikamwanzishia. Mstari wa kwanza umekwenda. Wa pili akamvika khanga yule aliyekwisha kuvaa, akafika mwisho, akahesabu, akahesabu tena. Nimeuma midomo nisicheke.

"Usinitazame," akasema. "Sogeza hiyo taa."