Waya wa Kijani Kwenye Shawa ya Umeme

Katika nyumba nyingi za kupanga jijini Nairobi, maji ya moto ya kuoga hutoka kwenye kichwa cha shawa chenyewe: chombo cha plastiki kilichofungwa juu ya mwogaji, ambacho ndani yake mna koili inayopasha maji moto yanapopita. Shawa za aina hii zilibuniwa Brazili, na kwa kuwa bei yake ni nafuu na hazihitaji tangi la maji moto, zimeenea Kenya nzima. Nimefanya kazi ya umeme wa majumbani kwa muda wa kutosha kujua kwamba wapangaji wengi wamezoea kuhisi vidole vikisisimka wanapofunga mfereji, na kwamba wakiuliza huambiwa hiyo ndiyo kawaida ya shawa hizi. Hiyo si kawaida hata kidogo. Kinachosisimua vidole ni umeme unaopita mwilini kuelekea ardhini, na kama leo unaishia kwenye kusisimua tu, ni kwa sababu bado haujapata njia nyepesi.

Katika shawa za bei ya chini, koili huwa uchi ndani ya maji. Maji ya kuoga yanagusa moja kwa moja chuma chenye umeme, na kwa kuwa maji yenye madini hupitisha umeme, daima kuna kiasi kinachovuja. Ndiyo maana mtengenezaji ameweka waya wa tatu, wa kijani au wa kijani na manjano, ili uvujaji huo uchukuliwe na kupelekwa ardhini kabla haujamfikia mtu. Maji yakiwa na chumvi kidogo, uvujaji ni mdogo. Maji ya visima vya Kitengela au Syokimau, nje kidogo ya Nairobi, ambayo mara nyingi yana chumvi ya kuonekana hata kwenye birika, huupitisha umeme kwa wepesi zaidi. Kwa maeneo hayo zipo shawa ambazo koili yake imefunikwa isiguse maji, na ingawa bei yake ni kubwa zaidi, naona ni kosa kubwa kwa mwenye nyumba anayetumia maji ya kisima kununua nyingine yoyote.

Nikifungua maungio ya shawa ambayo wapangaji wanailalamikia, hali ninayoikuta haibadiliki sana. Waya mbili nene zimeungwa kwenye kiunganishi cha plastiki, ambacho mara nyingi kimeanza kuyeyuka na kugeuka rangi ya kahawia. Wa kijani umekunjwa nyuma, ukazungushiwa utepe mweusi na kusukumwa ndani ya tundu la ukuta. Fundi aliyeuacha hivyo hakuona tofauti yoyote alipomaliza, kwa sababu shawa hupasha maji vilevile, waya huo uwepo usiwepo. Kazi ya waya huo haionekani mpaka siku kitu kinapoharibika.

Kuna jambo baya zaidi ya kuuacha, nalo ni kuuunga na nyutro, yaani waya unaorudisha umeme, palepale kwenye shawa. Mafundi wanaofanya hivyo husema kwamba nyutro nayo inafika ardhini, na kwa siku za kawaida ni kweli. Lakini nyutro ikikatika mahali popote kati ya shawa na swichi kuu, au skrubu yake ikilegea kwenye ubao wa breka (swichi zinazojikata zenyewe umeme ukizidi), umeme unaotoka kwenye koili hukosa njia ya kurudi, ukaingia kwenye waya wa kijani na kwenye kila chuma kilichoshikamana nao. Hapo mtu anayeshika mfereji huku amesimama kwenye sakafu iliyolowa anashika volti 240.

Wengi hudhani kwamba breka itawaokoa. Hapa naomba msomaji anifuate kwa makini, kwa sababu hesabu yenyewe ni fupi. Mwili wa mtu aliyelowa unaweza kuwa na ukinzani, yaani uwezo wa kuzuia umeme usipite, wa takriban omu 1,000, kwa hiyo kwa volti 240 unapitisha takriban miliampea 240. Kiasi hicho kinaweza kuuvuruga moyo ukaacha kusukuma damu. Breka ya shawa ni ya ampea 32, yaani miliampea 32,000. Kwake yeye, mtu anayekufa ni mzigo mdogo kuliko pasi. Breka imewekwa ili kuilinda waya isiungue, wala haikukusudiwa kumlinda mtu.

Hata waya wa ardhi, yaani huo wa kijani, uliofungwa vizuri hautoshi ukiwa peke yake. Tuchukue nyumba yenye fimbo ya shaba iliyochimbiwa nje, ambako waya huo huishia, na kipimo chake cha ukinzani ni omu 20, ambacho wengi wangekiita kizuri. Waya wa moto, yaani ule unaoleta umeme, ukigusa chuma kilichoungwa na fimbo hiyo, utasukuma ardhini takriban ampea 12. Breka ya ampea 32 haitaanguka, yaani haitakata umeme. Umeme utaendelea kumwagika ardhini, tokeni za umeme zitakwisha upesi bila mwenye nyumba kuelewa sababu, na wakati wote huo vyuma vyote vilivyoungwa na waya huo vitabaki na umeme wa kuua.

Kinachofunga pengo hilo ni kifaa kinachoandikwa RCD au RCCB, cha miliampea 30. Hiki hulinganisha umeme unaokwenda kwenye shawa na ule unaorudi, na kikiona kwamba kuna uliopotelea njiani, hukata. Uvujaji ukifika miliampea 150, kinatakiwa kukata ndani ya sekunde 0.04. Kina kitufe kidogo chenye herufi T, na kukibonyeza mara kwa mara ndiyo njia ya mwenye nyumba kuhakikisha kwamba bado kinafanya kazi. Wapo waliokifunga, kikawa kinaanguka kila mtu anapooga, wakamwita fundi akakiondoa. Kilikuwa kinasema kweli. Mara nyingi sababu huwa ni koili iliyo uchi pamoja na maji ya chumvi, na dawa yake ni kubadilisha shawa.

Kuhusu ukubwa wa waya nitasema machache. Shawa iliyoandikwa wati 5,500 kwa volti 220, ikipewa volti 240 za Kenya, hufikia takriban wati 6,500 na huvuta ampea 27. Waya wa soketi wa milimita mraba 2.5 hauwezi kazi hiyo. Iwe 4 au zaidi, na 6 ikiwa ubao wa breka uko mbali. Swichi iwe nje ya bafu, na iwe ya kukata nyaya zote mbili kwa pamoja.

Kupima waya wa ardhi na fimbo yake ndiko kunakohitaji fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya Kenya inayosimamia nishati na petroli, na kifaa chake. Wengine huweka mita ya kawaida kati ya waya wa moto na ule wa kijani, wakaona 240, wakatangaza kwamba ardhi ipo. Mita ya namna hiyo huvuta umeme mdogo mno kiasi kwamba hata waya ulioshikwa na uzi mmoja wenye kutu utaonyesha 240. Ukinzani wa fimbo hupimwa kwa kifaa maalumu cha kazi hiyo, na jibu lake hutolewa kwa omu.

Ikiwa shawa yako inakusisimua, izime kwenye swichi na kwenye breka, uoge maji ya ndoo, na umwandikie mwenye nyumba leo hii kwa maandishi yanayobaki, si kwa kumwambia mlinzi langoni. Fundi akishamaliza, mwombe aandike kipimo cha ardhi na tarehe yake ndani ya kifuniko cha ubao wa breka, kisha kirudiwe wakati wa kiangazi, kwa kuwa udongo uliokauka hupokea umeme kwa shida kuliko udongo wenye unyevu.