Tabu 74 na menyu nyekundu

Juzi dogo mmoja wa kazini kaja mezani kwangu nimwoneshe kitu kwenye skrini, akaangalia mara moja tu akauliza, "Kaka, hiyo nyekundu hapo juu ni ya nini?" Nikamwambia aah hiyo achana nayo, ni apdeti tu. Akacheka. Na alikuwa na haki ya kucheka kwa sababu pale ofisini mimi ndo yule mtu wa kuwasumbua wenzake, paswedi iwe ndefu, usibofye linki usiyoijua, sijui nini na nini, afu kumbe brauza yangu mwenyewe inanililia wiki nzima na mi nimeiziba mdomo.

Kwa ambao hamjawahi kuitilia maanani: Chrome kwenye kompyuta ikishashusha apdeti na wewe hujaifunga ukaifungua tena, ile menyu ya kona ya juu inabadilika rangi. Kijani ni apdeti iliyotoka chini ya siku 2, chungwa ni kama siku 4 hivi, nyekundu ni wiki au zaidi. Yangu nyekundu. Sababu ilikuwa ni tabu, nilikuwa nimefungua tabu 74 (nilizihesabu, na anayetaka kusema hilo jina limezifaa aseme tu) na niliogopa nikifunga hazitarudi.

Kitu ambacho watu wengi hawakijui, na mimi nakijua ila najifanya sikijui, ni kwamba apdeti ikishashuka haijafanya kazi yoyote bado. Iko kwenye diski imekaa. Brauza inayokimbia muda huo ni ileile ya zamani, na tundu lake la usalama ni lilelile, mpaka uizime uiwashe. Na tundu lenyewe sasa dunia nzima ishaambiwa liko wapi.

Ngoja nirudi nyuma kidogo.

Brauza ukiifikiria vizuri ni programu ya ajabu sana. Tumefundishwa miaka yote usifungue faili kutoka kwa mtu usiyemjua, sasa brauza kazi yake ndo hiyo hiyo, kutwa nzima inapokea msimbo kutoka kwa watu isiowajua na kuuendesha papo hapo, unafungua ukurasa mmoja wa habari unakuta nyuma yake kuna seva kadhaa zinaleta JavaScript yao (lugha ya programu zinazoendeshwa ndani ya kurasa), matangazo, picha, video, fonti, kila kimoja kina fundi wake ndani ya brauza wa kukisoma na kila fundi anaweza kukosea. Na sehemu kubwa ya hao mafundi wameandikwa kwa C++, lugha yenye kasi ila inakuachia wewe mwenyewe kukumbuka memori ipi bado inatumika na ipi ishaachiwa. Timu ya Chromium, ule msingi ambao Chrome imejengwa juu yake, yenyewe ilisema mwaka 2020 kwamba walipopiga hesabu ya matundu yao makubwa, kama asilimia 70 yalikuwa makosa ya memori, na nusu ya hayo ni kosa la aina moja tu: kutumia memori ambayo ilishaachiwa.

Hilo kosa nilihangaika nalo sana kulielewa mpaka nilipolifikiria hivi. Kuna nyumba ya kulala wageni, mapokezi wana daftari, kwenye daftari imeandikwa jioni nenda chumba namba 12 kachukue maagizo ufanye utakachoambiwa. Mgeni wa 12 kaondoka asubuhi, chumba kimefagiliwa, kimerudishwa kwenye orodha ya vyumba vilivyo wazi, lakini hakuna aliyekumbuka kufuta ule mstari kwenye daftari. Mchana anakuja mtu, haombi chumba kimoja, anaomba vyumba 40 kwa mkupuo, kwa nini, ili ahakikishe namba 12 imemwangukia yeye. Jioni mhudumu anasoma daftari, anagonga 12, anapewa maagizo, anayatekeleza. Kama maagizo ni "nipe funguo zote" anatoa funguo zote. Mhudumu kafuata utaratibu kabisa, shida iko kwenye daftari.

Ile ya kuomba vyumba 40 ndo inayofanywa na JavaScript ya ukurasa wa mshambuliaji, inajaza memori na vitu vyake mpaka kimoja kikae pale pale palipoachwa wazi. Na ndo maana huhitaji kushusha chochote wala kubonyeza "kubali". Kufungua ukurasa tu inatosha.

Sasa mfano wenyewe ulionifanya nijione mjinga juzi. Tarehe 1 Machi 2019 Google walitoa Chrome 72.0.3626.121. Ndani yake kulikuwa na kiraka cha kosa hilohilo la daftari, safari hii kwenye FileReader, ile sehemu inayouwezesha ukurasa kusoma faili ulilolichagua mwenyewe. Siku chache baadaye wakasema wazi kwamba tundu lilikuwa linatumiwa na washambuliaji kabla kiraka hakijatoka, yaani ziro dei, na lilikuwa linakwenda sambamba na tundu jingine la Windows.

Kwa nini mawili? Kwa sababu Chrome tangu ilipotoka 2008 ilijengwa kwa kutoiamini kurasa. Kila ukurasa unaendeshwa ndani ya kichumba kisicho na madirisha, tuseme sandboksi, hauwezi kugusa mafaili yako wala kamera bila kuomba kwa bosi aliye nje. Kwa hiyo mshambuliaji akishinda lile la kwanza kashinda tu kichumba, yuko ndani anatembea lakini mlango umefungwa, anahitaji tundu la pili la kutokea. Lile la 2019 walilitafuta kwenye kernel, kiini cha mfumo, ya Windows 7. Watu wa kazi hii wanaita mnyororo, na bei ya mnyororo mzima ni kubwa ndo maana hawaupotezi kwa kila mtu.

Lakini kilichonigusa mimi kwenye hiyo habari ni kitu kingine. Wakubwa wa usalama wa Chrome walitoka mtandaoni kuwahimiza watu waapdeti muda huohuo, na wakaeleza kwa nini safari hii wanapiga kelele: mashambulizi ya nyuma yaliyowapata watumiaji wa Chrome yalikuwa yanapitia Flash, ile programu ya pembeni ya video na animesheni, na Flash ilikuwa inaweza kubadilishwa kimyakimya bila mtumiaji kufanya kitu, hili lilikuwa kwenye brauza yenyewe kwa hiyo ilibidi mtu aizime na kuiwasha. Yaani wahandisi wote wale, kiraka tayari, kimeshashushwa mpaka kwenye mashine yako, halafu kila kitu kinasimama kikisubiri mtu mwenye tabu 74.

Kuna wanaosema ziro dei ni za wakubwa, waandishi wa habari, wanasiasa, mimi nani anihangaikie. Nusu ni kweli. Mwanzoni mwa 2022 kulikuwa na vikundi viwili ambavyo Google walivihusisha na Korea Kaskazini, vilikuwa vinatumia tundu la Chrome la sehemu ya animesheni (daftari tena, kosa lilelile), na kimoja kilikuwa kinawaandikia watu wa vyombo vya habari na kampuni za programu barua za kuwaitia kazi, barua nzuri kabisa, linki inakupeleka kwenye tovuti inayofanana na ya kutafutia ajira. Walengwa zaidi ya 250. Na walikuwa makini kupita kiasi, ukurasa kwanza unakusanya habari za brauza yako, skrini yako ina ukubwa gani, ndo uamue kama unastahili kutumiwa kitu chenyewe, linki nyingine zilikuwa ni za mtu mmoja na mara moja tu.

Kiraka kilitoka tarehe 14 Februari. Unadhani waliacha? Google walisema waliwaona wakiendelea kujaribu tundu hilohilo mara tu baada ya kiraka kutoka. Walijua kabisa kwamba kiraka kutoka ni jambo moja na sisi kukiweka ni jambo jingine.

Na hapo ndo habari inapowafikia akina sisi. Chromium ni msimbo wa wazi, mtu yeyote anausoma. Mhandisi akiziba tundu, kiraka kinaonekana pale hadharani kabla toleo lenyewe halijafika kwako, na anayejua kusoma anakisoma kinyumenyume: kama wamezuia hapa, basi palikuwa wazi hapa. Aprili 2021 ilitokea mbele ya macho ya kila mtu. Watafiti wawili walikuwa wamelionesha tundu la V8, injini ya JavaScript ya Chrome, kwenye Pwn2Own, mashindano ya kudukua programu kwa zawadi, wakaondoka na dola 100,000. Kiraka kikaingia kwenye msimbo wa wazi. Mtafiti mwingine kabisa akakisoma, akatengeneza shambulio lake linalofanya kazi, akalichapisha tarehe 12, na toleo la Chrome lenye dawa likatoka kesho yake tarehe 13. Bahati nzuri lilikuwa halitoki nje ya sandboksi, ila umeelewa.

Muda huo kati ya kiraka kuonekana na kiraka kukufikia, Google wanasema zamani ulikuwa wastani wa siku 35, wakaushusha mpaka kama 15, na kuanzia Chrome 116 mwaka 2023 wakaanza kutoa viraka vya usalama kila wiki. Wanakimbizana na siku. Halafu mi hapa naongeza zangu 9 za bure.

Tukiwa kwenye 2023, kuna moja lazima niiseme kwa sababu ndo niliyoipenda kuliko zote (kupenda kwa maana ile ya kumpenda mwizi mwenye akili). Septemba, Apple na Citizen Lab, maabara ya utafiti ya Chuo Kikuu cha Toronto, waliripoti tundu kwenye libwebp, maktaba ndogo ya kufungua picha za aina ya WebP. Picha. Sio programu wala linki ya ajabuajabu. Picha za WebP zisizopoteza ubora zinabanwa kwa kutumia majedwali ya Huffman, rangi inayojirudia sana inapewa alama fupi, ya nadra alama ndefu, na ili kuifungua picha lazima ujenge jedwali kwanza. Walioandika ile maktaba walipiga hesabu mapema, jedwali kubwa kabisa linaloweza kutokea lina ukubwa fulani, wakatenga nafasi hiyo hiyo wakaendelea na maisha. Hesabu ilikuwa sahihi kwa picha yenye adabu. Ukiletewa picha iliyochongwa makusudi, urefu wa alama haufuati kanuni, jedwali linazidi kabati na kumwagika kwenye memori ya jirani, na kilichomwagika kakichagua mshambuliaji.

Chrome waliziba tarehe 11, Firefox tarehe 12. Haraka kweli. Sema maktaba ile haikuwa ya Chrome peke yake, ilikuwa imejibanza kila mahali, na hasa kwenye zile programu za kompyuta zilizojengwa kwa Electron, za kuchatia, za kuandikia msimbo, ambazo ukizifunua ndani ni Chromium nzima imevalishwa nguo nyingine. Kila moja ina nakala yake na kila moja inasubiri mwenye nayo aiapdeti kwa muda wake. Kwa hiyo unaweza kuwa umeapdeti brauza moja vizuri ukajipongeza na hapohapo zimebaki nne zimefunguka hujui kama ni brauza.

Ekstensheni, zile programu ndogo za kuongezea kwenye brauza, sizigusi leo, maana huko mshambuliaji hahitaji hata tundu. Mwaka 2020 kuna ekstensheni moja maarufu ya kuzilaza tabu zisile memori, The Great Suspender, iliuzwa kwa mtu mwingine, na Februari 2021 Google wakaizima kwa kuwa ina programu hasidi. Watumiaji wake hawakufanya kosa lolote, walikuwa tu na tabu nyingi kama mimi. Siku nyingine.

Ila namba ya toleo hebu niimalizie kwa sababu dogo alinibana nayo. Unaenda kwenye menyu, msaada, kuhusu Chrome, unakuta namba nne zimetenganishwa na nukta. Wengi tunaangalia ya kwanza, aah mimi niko sawa na wenzangu. Lile toleo la 2019, mwenye 72 na namba ya mwisho chini ya 121 alikuwa wazi, mwenye 72 na 121 alikuwa salama. Ile ya mwisho kabisa ndo ya kuangalia. Yangu ilikuwa nyuma, sitasema kwa kiasi gani.

Nikabonyeza. Kioo kikawa cheupe sekunde kama tatu hivi, moyo ukadunda, zikarudi zote 74 zimejipanga kama zilivyokuwa, isipokuwa fomu moja niliyokuwa nimeijaza nusu tangu wiki iliyopita, ikarudi tupu. Nikaanza kuzipitia mojamoja nikakuta 61 sikumbuki hata nilizifungulia nini.

Jioni dogo kapita tena, kaangalia kona ya juu, hakuna rangi, akatikisa kichwa. Halafu akashuka na kidole mpaka chini ya skrini kwenye ile programu tunayochatia ofisini. "Na hii je kaka, mara ya mwisho umeizima lini?"