Siku Moja Kibandani Ngamiani: Pedeli Iliyoganda kwa Chumvi

Saa 1 asubuhi kibanda changu cha ufundi baiskeli hapa Ngamiani, Tanga, huwa kimekwisha kufunguliwa, na kazi za mwanzo ni zile za kila siku: kuziba pancha, kukaza breki, kurudisha mnyororo.

Saa 2 alifika mzee mmoja muuza samaki kutoka Sahare, akisukuma baiskeli ya mtumba iliyotoka Japani. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniambia, "Mwanangu, pedeli hii ya kushoto imevunjika, na kijana wangu ameihangaikia jana kutwa isitoke." Nilimuuliza kijana alikuwa akizungusha upande gani, naye akanionyesha kwa mkono, kumbe alikuwa akiikaza. Pedeli ya kulia hufunguka kama nati nyingine yoyote, lakini ya kushoto imekatwa hesi, yaani mistari ya kukazia, kinyume, ili mwendo wa kukanyaga usiilegeze njiani. Mimi hufuata kanuni moja kwa pande zote mbili: mpini wa spana ukisimama wima juu ya ekseli ya pedeli (ufito wake wa kati), unavutwa kuelekea gurudumu la nyuma.

Saa 3 nilijaribu kwa spana namba 15, nyembamba na ndefu, ikakataa. Sikushangaa. Krenki, yaani mkono unaoshika pedeli, ni ya alumini na ekseli ni ya chuma, na metali hizo mbili zikikutana na maji ya chumvi yanayochuruzika kutoka kwenye tenga la samaki, alumini huliwa, kisha unga wake mweupe hujaa ndani ya hesi. Nilitia mafuta ya kulegeza kutu mbele na nyuma ya krenki, mahali ncha ya ekseli inapochungulia, nikaiacha. Mafundi wengi hapo huchukua nyundo, jambo ambalo silipendi hata kidogo, kwa sababu hesi ya alumini ikichunika ni krenki nzima inayonunuliwa.

Mpaka adhuhuri niliongeza mafuta na kuendelea na kazi za wengine.

Saa 8 nilimwomba mama lishe jirani birika la maji yanayochemka, akataka kujua kama nampikia mtu baiskeli. Nilimimina polepole juu ya krenki, si juu ya ekseli, kwa kuwa alumini ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma, na tundu hulegea. Papo hapo nilivika spana, nikachomeka kipande cha bomba kwenye mpini ili kurefusha wenzo, nikazuia pedeli ya pili kwa mguu na kuegemea kwa uzito wa mwili bila kushtua. Ilitoa mlio mkavu, ikafunguka.

Saa 10 nilisugua hesi kwa mswaki mkuukuu, nikapaka grisi, nikaingiza pedeli mpya kwa vidole mpaka ilipokolea, ndipo nikaikaza kwa spana. Mzee aliporudi alitaka na ya kulia ifunguliwe ipakwe grisi, nayo ikatoka kwa spana tupu.