Flashi ya GB 4

Mwanzoni mwa 2014 nilikuwa nimemaliza fomfo, matokeo bado, na Dar ukimaliza fomfo hawakuachi ulale mpaka saa nne, unapelekwa prefom, twisheni ya kuanza kuonja masomo ya kidato cha tano. Mimi nilipelekwa twisheni moja pande za Mwenge, banda la mabati, ikifika saa nane mchana mnaiva humo ndani kama maandazi, na humo ndo nikakutana na kaka mmoja ambaye nitamwita Fizikia, maana mwalimu mwenyewe akikwama alikuwa anamwita yeye ubaoni.

Fizikia alinipenda. Sijisifu jamani, alinitumia meseji Whatsapp ndefu kama barua ya kuomba kazi, ina nukta na mikato yake, kwamba tangu wiki ya kwanza ananiangalia na kama sina mtu basi angefurahi tuwe pamoja. Sasa mimi nilikuwa nampenda kama mtu wa kunielekeza projektaili na kunishikia siti karibu na mlango pale penye upepo. Basi, hakuna kingine. Nikakaa na ile meseji kama nusu saa halafu nikamjibu hivi, nakumbuka neno kwa neno kwa sababu niliisoma mara nyingi sana baadaye: "Hahaha wewe bana, tusome kwanza." Na vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi, vitatu.

Nikajiona nina akili kweli. Sijakataa, sijakubali, hajaumia, siti ninayo. Kumbe nimemfungulia mlango nusu halafu nimesimama hapohapo mlangoni. Kila wiki anauliza kwa njia nyingine, mara nimeota uko nyumbani kwetu, mara mama kaniuliza yule dada wa twisheni vipi, na mimi kila wiki danadana, hahaha, utaniua wewe, ngoja matokeo yatoke. Shoga yangu mmoja aliniambia unamtesa mtoto wa watu, nikamwambia mbona sijamwambia kitu. Ndo maana anateseka, akasema. Nikampotezea.

Siku moja Fizikia akanipa flashi, nyeusi, GB 4, kifuniko kimepotea, kaifunga na uzi wa kiatu. "Si unapenda katuni za Kijapani? Kuna hii Toradora, zipo sehemu zote 25." Nikapokea, kwenda nyumbani, nikamwomba dada yangu mtoto wa mama mkubwa laptopu yake, ile ambayo betri ilishakufa zamani, umeme ukikatika na katuni imekatika, unaanza upya kutafuta ulipoishia.

Kwa ambao hamjaiona, hii kitu ilirushwa Japani kuanzia Oktoba 2008 mpaka Machi 2009, sisi tunaila kwenye flashi miaka mitano baadaye na maandishi ya kiingereza chini yanakimbia kama daladala ya mwisho. Kuna kijana anaitwa Ryuji, ana macho ya kihuni watu wanamwogopa, kumbe yeye ni mpishi na ana kichaa cha usafi, akiona ukungu bafuni roho inamuuma. Na kuna Taiga, binti mfupi kama kidole ila mkali vibaya sana. Taiga anampenda rafiki wa Ryuji, anaitwa Kitamura, na Ryuji anampenda rafiki wa Taiga, anaitwa Minori, kwa hiyo wanakubaliana wasaidiane. Taiga anaandika barua ya mapenzi anaitumbukiza kwenye begi la mtu siye, usiku anavamia nyumba ya Ryuji na upanga wa mbao aichukue kabla haijasomwa, na kumbe bahasha yenyewe ilikuwa tupu, alisahau kuweka barua! Halafu njaa inamwangusha, Ryuji anamkaangia wali. Nilicheka mpaka mama akagonga ukuta.

Basi nikawa nazila mbili tatu kila siku, nacheka tu, mpaka nikafika ya 16.

Huyo Kitamura kumbe moyo wake uko kwa mtu mwingine kabisa, dada mmoja anaitwa Sumire, kiongozi wa wanafunzi, kwetu ungesema dada mkuu, na dada mkuu anaondoka kwenda kusoma Marekani. Kijana kachanganyikiwa, kapaka nywele rangi ya njano, hataki hata kugombea ile nafasi wakati kila mtu anajua ni yake. Wenzie wanahangaika mpaka anakubali. Siku ya kujinadi anapanda jukwaani, shule nzima iko pale, anashika maiki na badala ya sera anamuuliza yule dada mbele ya wote, mimi nakupenda, je wewe?

Na Sumire akafanya nini? Akaligeuza swali likawa kampeni. Akalirusha kwa umati, umati ukachangamka, makofi, kijana kapita, mambo yameisha vizuri kwa watu wote isipokuwa mmoja aliyesimama na maiki.

Mi nikawa nimetulia tuli. Ile ilikuwa "hahaha wewe bana" yangu, ila ya mbele ya shule nzima.

Halafu Taiga anaingia. Yule mfupi anachukua upanga wake wa mbao anapanda mpaka darasa la wakubwa, anamvaa dada mkuu, wanapigana si mchezo, na kosa la yule dada siyo kwamba kamkataa Kitamura. Kosa ni kwamba hakujibu. Taiga anamwita mwoga. Mwishoni dada mkuu naye analia, kumbe anampenda, ila anaogopa akisema tu yule kijana ataacha maisha yake amfuate. Kwa hiyo yeye alikuwa na sababu. Mimi sababu yangu ilikuwa siti ya penye upepo.

Umeme ukakatika palepale. Nikabaki gizani naangalia kioo cheusi nikasema moja kwa moja, huyu Fizikia kanipa flashi hii makusudi. Kanitumia ujumbe. Kaona mimi ni Sumire kwa hiyo kanitafutia Taiga aje anipige hukuhuku nyumbani kwetu. Sikulala vizuri.

Kesho yake baada ya kipindi nikamwambia twende tukanywe juisi ya miwa. Pale kituoni kulikuwa na kijana ana ile mashine ya kusukuma kwa mkono, kila muwa ukipita magurudumu yanalia kama mlango wa zamani, anatia ndimu na tangawizi. Tukashika glasi zetu. Nilikuwa nimepanga hotuba, wewe ni mtu mzuri, nakuheshimu, sijui nini, yote ikapotea. Nikasema, "Ile meseji yako. Mi sikupendi hivyo. Nakupenda kama rafiki, na haitabadilika hata matokeo yakitoka."

"Eeh?" Akasogeza sikio, anaonyesha mashine.

Nikarudia. Mara ya pili ndo iliniuma mimi, kwa sababu nilikuwa nimemwangalia mkono, glasi ilishasimama njiani tangu mara ya kwanza, haijafika mdomoni, povu la juisi linashuka taratibu linaacha mstari. Alikuwa kasikia vizuri tu. Alitaka kuona kama nitaweza kusema tena.

Akanywa yote kwa mkupuo. Akasema, "Sawa. Ungeniambia Januari."

Ilikuwa Februari.

Nikataka kujitetea nikajikuta namwambia, najua mbona, ndo maana ukanipa ile katuni, nimefika ya 16, nimekuelewa. Akanikodolea macho. "Ya 16 kuna nini? Mi niliishia ya tatu, yule mfupi ana kelele." Alikuwa kaikopi kwa kaka yake, zile katuni za mapigano zilikuwa kubwa hazikuenea kwenye flashi.

Jamani aibu. Nilishikwa na aibu mpaka masikio. Nikampa flashi na uzi wake, akaniambia kaa nayo umalizie, mi sina haraka nayo, akalipa juisi zote mbili, nikamwambia acha nilipe yangu, akasema acha. Akapanda gari la Makumbusho na kwao ni Kawe, upande mwingine kabisa.

Siti haikushikwa tena, kwa haki kabisa, nikahamia nyuma ukutani kwenye joto. Nyumbani nikaendelea peke yangu, nikafika ile ya 19 ya mkesha wa Krismasi, ambapo Ryuji hajafungua hata mdomo Minori anamkatisha, anazungumzia mizimu. Wakati wa kiangazi alimwambia mapenzi kwake ni kama mizimu, wengine wanaiona yeye haioni, sasa anamwambia kwamba kuiona ameshaacha kutaka. Hivyo tu, kwa tabasamu, na kijana wa watu anaondoka anatembea kwenye baridi mpaka anaanguka na homa. Nililia, halafu nikakasirika. Mizimu ya nini? Nikaandika meseji "umefika ya 19?" nikakumbuka kwamba hajafika hata ya nne, nikafuta. Nilipomaliza 25 nikampa shoga yangu flashi ampelekee.

Matokeo yakatoka, nikapangiwa shule mkoani, yeye hukohuko kwingine. Likizo ya Desemba niko kwenye daladala natoka Kariakoo, simu ikalia, namba yake, hatujaongea tangu ile juisi. Kaandika: "Nimemaliza Toradora. Yule wa mizimu kanikera kuliko wewe."

Nilicheka kwa sauti gari zima likageuka. Konda akanigonga bega na zile sarafu zake, "Dada, nauli kwanza, kucheka baadaye."