Nenosiri limetoka kwenye msimbo

Jana usiku nimeliondoa nenosiri la hifadhidata kwenye msimbo wa mfumo wa duka la mama. Lilikaa wazi mstari wa 12, pamoja na anwani ya seva na poti 5432 ya PostgreSQL, programu inayoendesha hifadhidata hiyo. Sasa yote yamo kwenye faili la .env, faili la mipangilio lililo nje ya msimbo; programu inayasoma inapowashwa. Jina la faili hilo nililiingiza kwenye .gitignore (orodha ya mafaili ambayo Git, programu inayotunza matoleo ya msimbo, huyaacha) kwanza, kabla ya kitu kingine chochote.

Ila kufuta mstari hakutoshi. Git inatunza historia, na nenosiri la zamani bado linasomeka humo, kwa hiyo nimeweka jipya kabisa. Kwenye hifadhidata hiyo kuna madeni ya wateja wa mama, majina na namba zao za simu. Watu wamemwamini.

Asubuhi nimehamia seva nyingine: nimebadilisha anwani tu kwenye .env, msimbo sikuugusa.